Mama Dereva na Gia ya Tatu

Gia ya tatu ya pikapu ile ilikuwa kama mgeni mwenye haraka: unamkaribisha vizuri, anakaa, ukigeuza shingo tu ameshainuka na kwenda zake. Mama ataiingiza, gari litaanza kuchanganya, mara kha! gia imeruka, injini inalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Fundi wa magari aliitazama akasema sanduku la gia lishushwe. Fundi wa pili akasema maneno yale yale, ila kwa sauti kubwa zaidi. Lakini baba wa nyumba ile alikuwa seremala, na aliamini hakuna kitu kilicholegea kisichoweza kushikwa na kitu kingine. Akasema, "Mtoto si yupo? Ashike." Basi ndivyo binti yao wa mwisho alivyopata kazi yake ya kwanza duniani, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, na ndivyo alivyopewa jina la Utingo, kama wasaidizi wa madereva wa malori. Jina hilo limemng'ang'ania mpaka leo, ana mvi kadhaa anazozificha chini ya kitambaa.

Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, kimepasuka, sponji inachungulia. Mama nyuma ya usukani, baba dirishani, Utingo katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule, fimbo ya gia mbele yake. Mama akishaingiza ya tatu husema, "Shika!" Utingo huidaka kwa mikono miwili na kuikandamiza mbele kwa nguvu zake zote. "Nimeshika!" Fimbo inatetemeka, mikono inatetemeka, mashavu yanatetemeka, akijaribu kusema neno, linatoka vipande vipande, na baba yake hucheka mpaka anafuta machozi. Mama akitaka kubadili husema, "Achia!" na ole wake anayechelewa. Siku moja pua ilimwasha, akaondoa mkono mmoja ajikune. Gia ikaruka, nao wako katikati ya mlima na kabati la watu mgongoni. Mama hakugomba. Alisema tu, "Utingo, pua itasubiri, kabati halisubiri." Maneno hayo yakawa methali ya nyumbani. Hata leo ndugu mmoja akianza visingizio, mwenzake humwambia pua itasubiri.

Mtaa ulimjua mama yule kwa jina la Mama Dereva. Enzi hizo mwanamke kuendesha pikapu, tena yenye vitanda na makabati nyuma, lilikuwa jambo la watu kusimama na kutazama. Wapo waliomhurumia mumewe, wakisema amekaliwa. Wangejua! Mume alikuwa amejaribu. Alipanda, akawasha, akarudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa karakana yake mwenyewe, ukuta aliokuwa ametoka kuupiga lipu. Akashuka, akafunga mlango taratibu kana kwamba gari limelala, akamkabidhi mkewe funguo.

"Mimi na usukani tumeachana kwa amani," alisema. "Watoto utabaki nao wewe."

Mkewe alikuwa amejifunzia kwenye lori la mjomba wake tangu usichana, mambo ya klachi na breki anayajua kama anavyojua kufunga vifungo vya blauzi yake. Alipokea funguo wala hakucheka, angalau si mbele ya mumewe.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka mizigo. Asubuhi karakana ilinuka vanishi na maranda, na baba alikuwa akizunguka kitanda kilichokwisha kazi, akikigusagusa pembe kana kwamba anamuaga binti anayeolewa. Samani zilifungwa kwa mablanketi makuukuu zisichubuke, kamba zikakazwa, safari ikaanza. Taa za kuonyesha kona zilikuwa zimekufa zamani, kwa hiyo baba ndiye aliyekuwa taa. Kona ikiwa ya upande wake, alinyoosha mkono nje. Ikiwa ya upande wa mama, aliuzungusha hewani kama mtu anayesuka kamba. Mama anaendesha, mtoto ameshika, baba anaonyesha. Gari moja, madereva watatu, na katika hao ni mmoja tu aliyejua kuendesha.

Injini ilikuwa na kelele za kutosha karamu, hivyo kila kitu kilisemwa kwa kupiga kelele, hata mambo matamu. Siku moja baba aliinamia upande wa mkewe akasema kitu, mama hakusikia. Akarudia, hakusikia. Mara ya tatu akajaza mapafu. Na pikapu, kwa ubaya wake, ikazimika pale pale kwenye makutano, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kuvuka.

"NIMESEMA LEO UMEPENDEZA!"

Barabara nzima ikageuka. Mwanamume mmoja mwenye mwavuli akapiga makofi. Mama alizungusha ufunguo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, shingo imemlegea kwa haya, na Utingo akaona kitu ambacho watoto wengi hawajaliwi kukiona: wazazi wake wakiwa vijana.

Humo garini ndimo alimojifunza mambo yote ya maana. Wazazi walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni mkoba. Alijua mteja gani anasumbua, shangazi gani amenuna, shemeji gani amerudi kazini na gani anasingizia mgongo. Alijua mama huimba wimbo ule ule akiwa na furaha, na kwamba baba huuharibu kwa makusudi ili apigwe kofi la bega. Siku hizi mtu akipanda gari na watoto wake, kila mmoja ameinamia simu yake, na safari nzima inakwisha bila mtu kujua shangazi yupi amenuna. Haya ni maendeleo, hatubishi. Lakini watoto hao watakuja kukumbuka nini?

Na ikiwa ni kukumbuka, hakuna kilichowahi kuchekesha nyumba ile kama siku ya kumsahau Fundi, kama mama alivyomwita mumewe. Siku hiyo wazazi walikuwa wamenuniana. Baba alikuwa amemwahidi mteja kitanda kabla vanishi haijakauka, mama akasema atakipeleka lakini asisemeshwe. Kweli, njia nzima hakumtazama mumewe. Wakafika, kitanda kikaingizwa ndani, baba akabaki ndani kukaza bolti. Mama alirudi na Utingo garini, injini haikuzimwa kwa sababu kuiwasha tena ilikuwa kazi ya kuomba watu wasukume. Mara mlango wa nyuma wa pikapu ukabamizwa, bam! Ni mteja aliyekuwa akiwasaidia kuufunga. Mama, macho mbele, akaondoa gari. Utingo alikuwa akiitazama gia yake. Walikwenda hivyo mpaka kwenye makutano.

"Toa mkono," mama akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe.

Mkono haukutoka.

"Fundi! Nasema toa mkono, kuna magari nyuma!"

Wakageuka wote wawili. Dirishani palikuwa na kofia tu.

Mama aligeuza gari akirudi mbio, sasa hasira zimehamia kwake mwenyewe. Wakamkuta karibu na kona ya kwanza, anatembea zake pembezoni mwa barabara, nyundo begani. Na alipofika penye kona, Utingo aliona kwa macho yake, mtu yule aliyekuwa akienda kwa miguu alinyoosha mkono kuonyesha kwamba anakata. Ni mazoea tu, wala hakuwa akiigiza. Mama alisimamisha gari, akaweka paji la uso juu ya usukani, akacheka mpaka honi ikalia.

Baba akapanda, akavaa kofia yake. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Lakini kona nimeionyesha."

Wakapatana hapo hapo.

Miaka haikukaa kuwasubiri. Pikapu ilichoka kabisa, ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na siku ilipovutwa kuondoka hakuna aliyetoka nje kuiangalia. Baadaye Fundi naye alitangulia, kwa ugonjwa mfupi, akiwa ameacha kiti kimoja hakijapigwa msasa. Kaka wa Utingo alikuwa amekwenda mbali kutafuta maisha. Utingo akabaki na karakana. Randa na msumeno havikumkubali, kwa hiyo akageuka fundi wa makochi: anavua vitambaa vilivyochakaa, anabadilisha sponji, anashona upya, na kazi yake haina lawama. Mama akanunua gari dogo jeupe lenye keria juu na kuendelea kufanya alichokuwa akikifanya siku zote. Mito na makochi yaliyokwisha kazi yalipelekwa na Mama Dereva, na wateja wengine walileta makochi yao, Utingo anasadiki, ili tu wamwone bibi yule akirudisha gari nyuma kwenye uchochoro bila kugusa ukuta.

Mpaka alipoanza kugusa kuta.

Kwanza lilichubuliwa geti la nyumbani. "Geti hili limesogezwa," mama akasema. Utingo akampeleka kwa daktari wa macho, yaani mama ndiye aliyempeleka Utingo kwa daktari wa macho. Daktari, kijana mpole, akawaambia ni presha ya macho, ya siku nyingi. Dawa zitazuia isizidi, lakini kilichokwenda kimekwenda. "Mama, wewe unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema. "Mbele unaona. Pembeni hamna kitu. Usiendeshe tena."

"Sawa, daktari. Asante sana, mwanangu," mama akajibu kwa adabu zote. Akatoka, akapanda gari lake jeupe, akaendesha mpaka nyumbani. Utingo alikaa kando yake, mguu unakanyaga breki isiyokuwepo.

Kisha likaja jambo la beseni. Mama alirudi nyuma uani akakanyaga beseni la plastiki la jirani, likapasuka vipande. Ni beseni tu. Lakini muda mfupi kabla ya hapo mtoto wa jirani alikuwa amekaa ndani ya beseni hilo akijifanya yuko kwenye mashua, na Utingo alimwona, na jirani alimwona. Jirani hakugomba. Aliviokota vipande, akamtazama Utingo, akaingia ndani. Afadhali angegomba.

Jioni kaka akapiga simu. "Mnyang'anye funguo."

"Njoo umnyang'anye wewe."

"Mimi niko mbali, dada yangu."

"Wanaotoa amri siku zote wako mbali," Utingo akasema, akakata simu.

Lakini alijua kaka amesema kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huu ingekuwa mtoto wa mtu. Kilichomfunga mdomo ni hofu. Mama kukasirika hakukumtisha. Hasira za mama alizizoea tangu yumo katikati ya kiti kile kirefu. Alichoogopa ni kwamba mama atakubali. Atazitoa funguo, atakaa kwenye kochi, ataanza kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, na ghafla atakuwa bibi kizee kama vibibi wengine. Na Utingo, ambaye ana watoto wakubwa, atakuwa hana tena mtu duniani wa kumwambia shika na achia. Alilia usiku mmoja kwa jambo hilo, akajifuta, akakata kauli: Jumamosi.

Jumamosi palikuwa na mito ya kochi ya kupelekwa kwa mteja. Utingo alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake mbele ya cherehani. Alitoka nje amepiga moyo konde, akamkuta mama ameshaketi nyuma ya usukani, mkanda kiunoni, mkoba mapajani.

"Panda, tunachelewa."

"Mama, nina neno nataka kukwambia."

"Kama ni geti, nilishasema limesogezwa."

Na Utingo akapanda. Ngoja tumsute kidogo: mwanamke mzima, mwenye karakana, mwenye mafundi wawili chini yake, akapanda kama alivyopanda siku zote. Alijiambia atalisema njiani.

Njiani mama alikuwa na raha. Dirisha wazi, kitambaa kinapepea, anasimulia habari za mteja wa zamani aliyeagiza kabati kubwa hata likashindwa kupita mlangoni, ikabidi Fundi alikate katikati na kuliunganisha upya chumbani. Utingo alicheka. Kwa kitambo akasahau kabisa, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote: kwamba alikuwa na furaha. Barabara ilikuwa ile ile, sauti ya mama ile ile, jua limewapiga magotini. Angeambiwa achague pa kuishi maisha yake yote, angechagua hapo kitini.

Mkokoteni ulitokea upande wa Utingo, umejaa kreti za soda, unavuka polepole. Yeye aliuona tangu mbali. Alingoja mama apunguze mwendo. Mama hakupunguza. Alikuwa bado anasimulia, macho mbele, anatabasamu.

"Mama! Simama! Mama, simama!"

Breki zikalia. Gari lilisimama likiwa limeubusu mkokoteni ubavuni, na kreti mbili zikaanguka, chupa zikaviringika barabarani. Mwenye mkokoteni, mtu mzima mwenye jasho hadi kwenye nyusi, aliruka pembeni, akajitazama miguu kana kwamba anahakikisha yote ipo, halafu akaja dirishani kwa mama. Alikuwa na haki ya kukasirika na alikasirika.

"Mama, we huoni?"

Utingo alifungua mdomo amtetee mama yake. Angesema jua, angesema breki, angesema lolote.

"Sioni," mama akasema.

Yule mtu akainama kumtazama machoni.

"Sioni, baba. Nisamehe. Ningekuua."

Mwenye mkokoteni alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakujua auweke wapi. Akasema, "Basi, mama. Basi. Nimepona," akaenda kuokota chupa zake. Utingo alishuka kumsaidia. Chupa moja ilimponyoka mara mbili. Alipogeuka kurudi, alimkuta mama amesimama nje, upande wa abiria, mkoba kifuani, anangoja.

"Zunguka kule," mama alisema.

Utingo akazunguka. Kuendesha alijua tangu usichana, ila gari la mama hakuwahi kuligusa. Kiti kilikuwa bado na joto la mama. Akakisogeza nyuma kidogo, akarekebisha kioo, na kwa kila alichokigusa alijiona kama mwizi. Hawakuondoka mara moja.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya huyo daktari wako. Nilikuwa nasikiliza. Magari yana sauti. Mkokoteni hauna."

"Kwa nini hukutuambia?"

Mama alitazama mbele, pale tu alipokuwa akipaona. "Niwaambie ili iweje? Maisha yangu yote mimi ndiye ninayewapeleka. Baba yako nilimpeleka, nyinyi niliwapeleka. Hata alipougua ni mimi niliyemfikisha hospitali. Mimi sijui kupelekwa, mwanangu. Hakuna aliyenifundisha."

Utingo akalia. Hakujificha, hakugeukia dirishani. Alilia pale pale nyuma ya usukani, na mama akamwacha alie. Kisha mama akafungua mkoba, akampa kitambaa cha mkononi.

"Haya, futa macho. Mmoja wetu lazima aone. Mito ya watu inasubiri."

Wakaipeleka. Mteja aliipokea, akaisifu, akauliza mbona leo Mama Dereva hajaendesha. "Nimestaafu," mama akasema, kama mtu anayetangaza cheo. Wakati wa kurudi alitoa maelekezo kila baada ya hatua chache: punguza hapo, usimfuate huyo, huyo hajui anakokwenda, kona hiyo ipanue. Utingo aliitikia kila moja. Halafu maelekezo yakaanza kuchelewa. Halafu yakakoma.

Aliogopa kutazama, akidhani mama analia. Alipotazama, mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea juu ya mkoba. Utingo alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumwona mama yake amelala ndani ya gari, akatafuta safari zote alizokuwa nazo, za mvua, za jua, za kurudi jioni na pikapu tupu, na hakupata hata moja. Wengine wote walikuwa wakisinzia. Mama ndiye aliyekuwa macho.

Uso wake ulikuwa na uchovu mwingi, uchovu wa siku nyingi sana, na sasa ulikuwa unaondoka taratibu. Utingo akapunguza mwendo. Akayakwepa mashimo. Walipofika nyumbani, fundi mmoja alikuwa ameshafungua geti akiwangojea waingie. Utingo akamwonyesha kwa mkono alifunge, akalipita taratibu mama asiamke, akaendelea na safari.